Mgao wa Usiku

Mchopa, nakuandikia maana kwenye simu utacheka,
na ukicheka najua utakuwa unajificha.
Jana pale mnadani nilikuona:
umeinuka mara tatu kabla bei haijasomwa,
ukazunguka nyuma ya ghala, ukasimama muda
wa mtu anayesoma gazeti zima ukutani.
Ukarudi na tone kwenye suruali, umelifunika kwa kofia.
Usinidanganye. Kofia hiyo nami niliivaa.

Miaka ishirini na sita nimefungua valvu,
maji ya Mitema yapande mlima yafike Newala.
Nawajua akina mama wa foleni, na ndoo zao kwa rangi,
nayajua matusi yao bomba linapokohoa,
linatema upepo, kutu, kisha matone mawili.
Mungu ana masihara:
uzeeni akanifanya mimi bomba.

Unasimama. Unangoja. Unahimiza.
Unaufikiria Ruvuma uliofurika,
unapiga mluzi kama tunavyompigia mtoto.
Yanakuja, yanakata. Unafunga zipu, yanakuja.
Ukifika kitandani kibofu kinakuita tena kwa jina la babako.
Mara tano. Mara sita. Mlango wa uani ukalia
mpaka jogoo wa jirani akachoka kushindana.

Somoe ndiye aliyenipeleka Ndanda. Hakuniomba.
Alitoa pesa ya korosho kwenye kopo la maziwa,
akasema, "Panda gari."
Daktari ni binti, mdogo kuliko kitindamimba wetu.
Alivaa glavu. Nikatazama ukutani,
kalenda ya mwaka juzi, picha ya twiga.
Twiga yule ananijua kuliko unijuavyo wewe, Mchopa.

Kisha akanichorea: kibofu juu, njia katikati,
tezi imeizunguka njia kama mkono uliokaba mpira wa maji.
Vipimo havikuonyesha kansa. Ni tezi dume iliyonenepa tu,
kama tumbo la mwenyekiti wa chama.
Nikapewa dawa mbili.
Kapsuli nameza usiku, nikishakula:
hiyo inalegeza misuli, mkono unaachia mpira.
Kidonge ni cha wavumilivu, kinaipunguza tezi yenyewe,
miezi sita, toka mkorosho uchanue mpaka gunia lishonwe.
Kikivunjika, mkamwana wetu asikiguse, ana mimba;
basi nakificha pale pale
nilipokuwa naficha sigara.

Sikufichi. Siku ya tatu niliinuka ghafla
na kuta za nyumba zikacheza sindimba.
Sasa nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda,
nahesabu hadi ishirini,
nashusha miguu kama mgeni asiyejua sakafu.
Na lile jambo jingine, la wawili:
radi inapiga, ardhi inabaki kavu.
Daktari alikuwa amenionya, akasema halina madhara.
Somoe alicheka hadi akajiziba kanga mdomoni.
"Tuna watoto saba," akasema, "mvua ya nini tena?"

Dawa si bure. Duka la stendi leo wanayo, kesho hawana.
Mwezi mmoja nikabana, siku nameza, siku naruka;
bomba likakohoa upya. Sirudii.

Wiki ya pili, usiku, niliamka saa kumi.
Ndiyo mara ya kwanza tangu nilale.
Nikamkuta Somoe macho, kiganja chake kifuani pangu.
"Mlango haujalia," akasema. "Nikadhani umekufa."

Wewe endelea na mizizi, kama unataka.
Ila yule wa Kitangari anayekuuzia
nilimwona juzi Ndanda, kwenye benchi,
kapachikwa mpira, mfuko unaning'inia chini ya shuka.
Alinikonyeza. Nikamkonyeza.

Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi.
Nimeshaongea na dereva, ukinyanyua mkono atasimama,
hataulizia kwa nini.
Usinywe chai.
Na twiga bado yupo. Msalimie.